Shangazi anashona bendera

Miaka 17 nimekaa Kariakoo. Nilipotua uwanja wa ndege wa Hahaya, kwetu Komoro, mawe meusi ya volkano ya Karthala bado yaleyale, machozi yakanitoka kabla sijapokea begi.

Nimefika wiki chache kabla ya 6 Julai, siku ya uhuru wetu. Hapa Moroni shangazi yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, anashona bendera za mtaa. Kila mstari ni kisiwa: njano ni Mwali, nyeupe Maore (Mayotte), nyekundu Nzuani, buluu ni sisi Ngazija. Kisha pembetatu ya kijani yenye mwezi na nyota nne. Anapima kwa kiganja, na nyeupe anaikata upana uleule wa nyingine.

Maore ndiko Wafaransa walikoanzia. Mwaka 1841 Andriantsoly, mtawala Msakalava aliyetoka Madagaska, aliwakabidhi kisiwa kwa malipo. Mwaka 1886 wakaviweka chini ya himaya yao vile vitatu vingine. Hapa Ngazija, Mfaransa Léon Humblot alikuwa ameshajipatia mkataba wa ardhi kutoka kwa Sultani Said Ali, na watu wakageuka vibarua kwenye mashamba ya baba zao. Hilo linaniuma kuliko mikataba yote.

Mjomba alipiga kura 22 Desemba 1974. Zaidi ya asilimia 94 ya kura zote zilitaka uhuru, lakini Maore karibu theluthi mbili walikataa, na Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa, hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Hata mwezi haukuisha, akapinduliwa. Novemba Umoja wa Mataifa ukatupokea tukiwa wanne, ila Maore Mfaransa hakutoka mpaka leo.

Na mimi miaka yote ile Dar sikujua kwamba Wangazija walioishi Tanganyika ndio walioanzisha MOLINACO, chama cha ukombozi wa Komoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kudai uhuru wa visiwa hivi. Mjomba aliponiambia alinishika bega: "Kumbe uhuru wetu nao umekulia Dar, kama wewe."

Binti wa shangazi yuko Mamoudzou, kule Maore. Ana mtoto wa miaka sita ambaye bibi yake hajawahi kumbeba. Tangu 1995 wa huku hakanyagi Maore bila viza. Kutoka Nzuani ni kilomita 70 tu, watu wanavuka usiku kwa kwasakwasa, vile viboti vidogo, na wengi wamezama. Shangazi ana picha zake za pasipoti kwenye kopo la vifungo, zimeshaanza kujikunja pembeni.

"Shangazi, hutaomba viza tena?"

"Mwanangu, kwenda kwetu nimwombe nani?"

Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Akanipa nimtungie uzi. Nikauliza wa rangi gani.

"Mweupe. Huo ndio unaoniishia."