Kilichomo ndani ya kifurushi

Ijumaa usiku

Msimbo umekamilika, sasa ni kuufungasha. Wengi hudhani ukifika hapa kazi imekwisha, lakini mimi huona ndipo inapoanza. Mpaka leo moduli hii imeishi kwenye kompyuta moja tu, yangu, na kompyuta hiyo inazijua pengo zake zote na kuziziba kimyakimya. Kufungasha ni kumfungia mizigo mtu anayekwenda safari ambayo wewe huendi: ukisahau kitu, hutajua mpaka akipigie kelele kutoka huko.

Moduli yenyewe ni ndogo. Unaipa tarehe iliyoandikwa ovyo ovyo, nayo inakurudishia tarehe ile ile katika umbo moja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, ina mafaili machache ya msimbo na faili moja la majina ya miezi katika lugha kadhaa. Hilo la miezi ndilo lililonikalisha macho.

Ukiunda kifurushi cha Python kwa kawaida unapata mafaili mawili: la .tar.gz lenye chanzo, na la .whl lililo tayari kusakinishwa. Hilo la pili ni zipu ya kawaida kabisa. Badilisha kiambishi chake kiwe .zip, lifungue, utaona kila kitu: msimbo wako, faili liitwalo METADATA lenye jina, toleo na vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo chako kinavihitaji), na jingine liitwalo RECORD linaloorodhesha kila kilichomo pamoja na ukubwa wake na alama yake ya sha256, namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo. Sijui kwa nini watu hawalifungui. Mimi siwezi kupakia kitu kabla sijaisoma RECORD mstari kwa mstari, na kwa moduli ndogo kama hii ni kazi ya dakika chache.

Faili la miezi si msimbo, kwa hiyo kuna zana za kufungasha ambazo hazitalibeba mpaka uziambie. Na ubaya ni kwamba usipoziambia, majaribio yote yanaweza kupita. Faili lipo pale pale kwenye folda unayofanyia kazi, na ukiendesha majaribio kutoka hapo Python inachukua msimbo wa folda hiyo badala ya ule uliosakinishwa. Kwako kijani kitupu, kwa mgeni hitilafu ya faili lisiloonekana.

Hii ndiyo sababu naweka msimbo wangu ndani ya folda ya src. Kuna wanaoiona ni urembo, na mabishano juu yake hayaishi. Lakini ikiwa msimbo umejificha hatua moja ndani, Python haiwezi kuuokota kwa bahati. Italazimika kutumia kile kilichosakinishwa, na kama faili la miezi halikusafiri utajua wewe kwanza. Baada ya hapo natengeneza mazingira matupu ya Python, nasakinisha ile .whl, nahama kwenye folda isiyohusiana kabisa na mradi, kisha naijaribu kama mtu asiyenijua. Miezi imo. Naenda kulala.

Jumamosi

Leo nimelinganisha kilichomo kwenye .tar.gz na kilichomo kwenye hifadhi ya Git, mahali msimbo na historia yake hutunzwa. Zamani ningeona ni kupoteza muda. Mambo yalibadilika Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alipoona kuingia kwa SSH, yaani kutoka mbali, kwenye mashine zake kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia ucheleweshaji huo mpaka kwenye xz, maktaba ya kubana data iliyo karibu kila mahali kwenye Linux. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, uliotiwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amesaidia mradi kwa muda mrefu hadi akaaminiwa kuwa mmoja wa watunzaji wake.

Kinachonihusu mimi katika kisa kile ni mahali mtego ulipowekwa. Sehemu kubwa ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na hayo yalikuwemo kwenye Git. Lakini kipande cha kuuwasha wakati wa kuunda programu kilikuwa kwenye furushi la toleo, lile la .tar.gz, peke yake. Aliyesoma Git hata kwa jicho la mwewe asingekiona. Tunasema programu ni huria kwa kuwa kila mtu anaweza kusoma chanzo, ilhali kinachosakinishwa si kile watu wanachosoma, ni furushi. Kati ya hivyo viwili kuna mtu na kompyuta yake.

Ndiyo maana siku hizi sipakii kutoka kwenye laptopu. Tangu 2023 PyPI, ghala la vifurushi vya Python, linaruhusu mradi kupakia moja kwa moja kutoka kwenye seva inayouunda, kwa kibali kinachoisha baada ya muda mfupi, bila nenosiri la kudumu kulala kwenye faili fulani. Kuweka mpangilio huo hakuchukui muda. Nimeuweka, yameisha.

Jambo ambalo halifutiki ni lenyewe lile la kuchapisha. Kwenye PyPI unaweza kufuta faili lako, lakini jina lile la faili halitatumika tena milele. Ukiharibu toleo la 1.5.0, unakwenda 1.5.1, na kila mtu ataona umeruka namba. Njia ya kiungwana zaidi ni kulitangaza toleo kuwa limeondolewa bila kulifuta: visakinishi vitalipita, isipokuwa kwa yule aliyeliandika kwa namba yake kamili, ambaye ataendelea kulipata. Napenda utaratibu huo kwa sababu unamkumbuka mtu ambaye mfumo wake tayari umesimama juu ya kosa lako na leo si siku yake ya kuhangaika.

Ghala la npm, la vifurushi vya JavaScript, lilifika kwenye mawazo kama hayo kwa njia ngumu zaidi. Machi 2016 mwandishi mmoja, baada ya mgogoro juu ya jina la moduli yake nyingine, aliondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mikubwa ikashindwa kusakinishwa kwa sababu ya mistari hiyo. Wenye ghala waliirudisha wenyewe, kisha wakabana kanuni za kuondoa. Watu hucheka kwamba eti kuna waliohitaji moduli kwa kazi ndogo namna ile. Mimi sioni kichekesho hapo. Wengi wao hawakuwahi kuichagua left-pad. Waliichukua kupitia kitu kilichotegemea kitu kingine, na jina lake hawakuwa wamelisikia.

Jumapili

Leo yote imekwenda kwenye namba ya toleo jipya.

Swali ni hili: "03/04/2024" ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi? Moduli yangu tangu mwanzo hukisia kuwa siku hutangulia. Mara nyingi inapatia, na inapokosea inakosea bila kusema chochote, ambako ni kubaya kuliko kukataa. Toleo jipya linakataa: ukiipa tarehe yenye utata bila kuieleza mpangilio, inatoa hitilafu. Nina hakika tabia hii mpya ndiyo sahihi.

Sasa je, ni marekebisho ya kasoro au ni mabadiliko yanayovunja? Kwa kanuni za namba tatu alizoandika Tom Preston-Werner, marekebisho huongeza namba ya mwisho, nyongeza isiyovunja huongeza ya katikati, na kinachovunja huongeza ya kwanza. Inasomeka rahisi. Lakini kanuni zinadhani unajua ahadi yako ni ipi. Mimi sikuwahi kuandika popote kwamba moduli hukisia siku kwanza, nyaraka zimenyamaza. Mwanasheria angesema sikuahidi kitu. Hata hivyo kuna mtu, lazima yupo, ambaye kila usiku anaingiza jedwali la tarehe za namna hiyo na zote zinatoka sawa, kwa sababu waliomwandikia kweli huanza na siku. Kwake ukisiaji wangu ndio moduli yenyewe. Nikimpelekea "marekebisho" yanayomwangushia kazi usiku wa manane, hatajali nyaraka zangu zilisema nini.

Kwa hiyo ni 2.0.0, ila si leo. Leo inatoka 1.5.0, inayoendelea kukisia lakini ikitoa onyo. Hapa pana jambo ambalo halijulikani kwa wengi: Python ina onyo rasmi la vitu vinavyokaribia kuondolewa, DeprecationWarning, na kwa kawaida huwa limefichwa likitoka ndani ya maktaba. Zana za majaribio kama pytest hulionyesha, lakini mtu anayeendesha kazi yake tu hataliona kamwe. Kwa kuwa ninayetaka kumfikia ni huyo hasa, natumia FutureWarning, ambalo huonekana bila kuombwa. Litawakera baadhi ya watu. Heri wakereke sasa.

Nimegusa pia vitegemezi. Kimoja nimekiondoa kabisa, kilikuwa kinafanya kazi ya mistari kumi hivi. Kilichobaki nimekiwekea kiwango cha chini na kuacha cha juu wazi, na najua kuna watakaonilaumu. Katika programu kamili ningefunga kila toleo barabara. Kwenye maktaba ni jambo jingine, kwa sababu mazingira moja ya Python hubeba toleo moja tu la kila kifurushi. Nikisema nataka toleo la chini ya 3 la kitegemezi fulani, na maktaba ya jirani ikasema inataka 3 kwenda juu, mtumiaji wetu sote wawili amekwama bila kosa lake, hata kama msimbo wangu ungefanya kazi vizuri na 3. Kule npm nakala mbili za matoleo tofauti zinaweza kukaa pamoja, kwa hiyo ushauri wa kule haufai kuletwa huku mzimamzima.

Nawaonea wivu kidogo watu wa lugha ya Perl. Ghala lao la CPAN lipo tangu 1995, na kisakinishi chao kwa kawaida huendesha majaribio ya moduli kwenye mashine ya anayesakinisha, kabla ya kuisakinisha. Tena kuna watu wa kujitolea wanaojaribu vifurushi vipya kwenye mifumo ya kila aina na kumtumia mwandishi matokeo. Ni polepole, ndiyo. Lakini lile swali langu la Ijumaa, kama faili la miezi limesafiri, kule linajibiwa kwenye mashine ya mgeni mwenyewe.

Limebaki suala la Python za zamani. Python 3.8 iliacha kupata matengenezo Oktoba 2024, nami sina hamu ya kuendelea kuibeba. Kuanzia 2.0.0 sitaibeba tena, na nimeshaandika kwenye maelezo ya kifurushi kwamba toleo hilo linahitaji 3.10 au zaidi. Kisakinishi husoma mstari huo kabla ya kuchagua, kwa hiyo aliye kwenye 3.8 hatavunjikiwa, atapewa 1.5.0 na kuendelea na kazi zake. Tawi la 1.5 nitalirekebisha kwa mambo ya usalama tu. Ukurasa wa kuhama kutoka 1 kwenda 2 nimeuanza, una mfano mmoja wa kabla na baada, na mfano huo ni "03/04/2024".