Yesu Akalia Machozi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Yohana 11:17–37. Kabla hatujafika Bethania, kuna jambo nataka kuwakiria.

Alhamisi usiku nilikuwa na asaimenti ya kurasa 10, ya kukabidhi Ijumaa saa nne asubuhi. Nilichokuwa nimeandika ni kichwa cha habari na jina langu. Nilishafua, nilishapanga vitabu kwa urefu, nilishachambua hadi mchele wa kesho yake. Mtu anayeikimbia kazi huwa na bidii ya ajabu. Ilipogonga saa tatu, hapo chumbani kwangu Shangani, Mtwara, nikachomeka flashi ya mwenzangu, nikajiambia nitaangalia dakika kumi tu.

Ilikuwa filamu ya nje, isiyotafsiriwa. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tumezoea mtafsiri asiyenyamaza: mtu anakata roho, yeye anatia utani. Hii haikuwa na mtu wa kutupunguzia. Mzee mmoja, fundi mashua, amefiwa na mkewe, na koti la mke linaning'inia nyuma ya mlango. Karibu filamu nzima haligusi. Mwishoni mwishoni analishika, analiinua mpaka puani, ananusa. Kisha analirudisha kwenye msumari na kuinyoosha kola, kama vile mwenyewe atakuja kulivaa asubuhi.

Nikalia. Na sikuwa namlilia yule mzee.

Bibi yangu alifariki Juni, katikati ya mitihani. Nilipanda basi la alfajiri, Mnazi Mmoja, Ndanda, mpaka Masasi, nikakuta wanajiandaa kumtoa ndani. Tukazika. Watu walilala uwanjani kwenye mikeka, na majirani zetu Waislamu ndio waliobeba kazi ya maji na kuni. Mimi nililala usiku mmoja, asubuhi nikarudi, na ndani ya basi nilikuwa nasoma madaftari. Kila mtu alikuwa ameniambia "jikaze", nikajikaza kweli. Mitihani nilifaulu. Chumbani kwa bibi kanga yake ilikuwa bado kwenye kamba, ile yenye doa la bibo kwenye pindo. Aliyewahi kuokota korosho anajua doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote. Nilipita mbele ya kanga ile mara mbili bila kuigusa.

Sasa twende Bethania. Lazaro ana siku 4 kaburini. Yesu anajua atakachofanya. Tangu mstari wa 11 ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha. Ningekuwa mimi ningewaambia wale dada zake wawili, Martha na Mariamu, nyamazeni, subirini kidogo tu mtaona. Lakini tazama. Martha anamjia na maneno haya: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yesu anamjibu kwa fundisho kubwa, la ufufuo na uzima. Baadaye Mariamu anamjia na maneno yale yale, kama vile walikuwa wakiyarudia ndani siku zote nne. Yeye hapewi fundisho lolote. Anaulizwa swali yeye na waliofuatana naye: "Mmemweka wapi?"

Halafu inakuja aya fupi kuliko jirani zake zote, "Yesu akalia machozi." Zamani nilidhani neno "machozi" hapo ni la kujazia, maana nani analia bila machozi? Ila katika Kigiriki, kulia kwa Mariamu na wale waliokuwa naye, mstari wa 33, ni kule kwa sauti, kilio hasa. Kwa Yesu neno linabadilika, linakuwa la machozi kutoka, na katika Agano Jipya lote limetumika hapo tu. Waliotupa Biblia ya Union wakaona tofauti hiyo, wakatuandikia "akalia machozi". Na ukikaa kwenye kilio chochote huku kwetu utawaona wote wawili: anayelia kwa sauti na jicho kavu, kwa sababu ndiyo kwanza anafika na watu wanamtazama, na yule aliyejikalia pembeni kimya, kanga imelowa kifuani.

Wahubiri wetu (nami nimo) tuna haraka ya kufika mstari wa 43, "Lazaro, njoo huku nje." Aliyekuwa na uwezo wa kufika huko kwanza yeye hakuwa na haraka.

Sisemi kwamba filamu ile ilikuwa mahubiri. Nilikuwa natoroka, na utoro ni utoro. Eliya naye alitoroka hadi Horebu, akaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Ila tukumbuke kwamba kabla ya swali hilo aliachwa alale chini ya mretemu, akaamshwa ale mkate, akalala tena. Mimi usiku ule sikuomba kwa maneno. Niliizima kompyuta, nikakaa kitandani, na lile swali la "Mmemweka wapi?" likawa langu. Nikalijibu: Masasi, Bwana, na sikukaa.

Asaimenti niliikabidhi Ijumaa jioni, nikakatwa alama. Haki yao. Jumamosi nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nikamuuliza habari ya kanga ya bibi.

"Ile ya doa? Ipo. Siku ya arobaini tuligawa nguo zote, ile hakuna aliyeitaka."

"Msiifue, shangazi."

"Nani aifue? Bado ina moshi wa jikoni kwake." Akanyamaza kidogo. "Unakuja lini?"

"Desemba, tukifunga chuo."

"Njoo ulale, basi. Na safari hii madaftari uyaache hukohuko."