Siku tuliyompokea baba mkubwa pale Airport Mwanza

Mkanda wa video wa msiba wa baba mkubwa unaanzia Pasiansi, barabarani, magari yanaenda tu, na kila anayeuangalia anauliza mbona mapokezi hayamo. Hayamo kwa sababu mtu wa video alivyowasha tu kamera pale uwanjani, kijana mmoja wa jeshi akatokea sijui wapi akamwambia kwa upole kabisa, kaka zima hiyo, hapa hapapigwi picha. Basi ikabaki vichwani mwetu tuliokuwepo, na wengine washatangulia.

Ilikuwa 2004, mwezi wa nane. Baba mkubwa kafia Muhimbili, ukoo umechangishana mpaka hela ya ndege ikapatikana, sisi wa Mwanza kazi yetu kumpokea ili jioni ileile tuvuke naye kwenda Sengerema. Sasa kwa msiojua, pale ranwei ni moja. Upande wa abiria enzi zile kijengo tu, ukishuka unatembea kwa mguu mpaka ndani, upande mwingine kambi ya jeshi la anga, halafu pembeni unakuta lidude la Ilyushin linapakiwa minofu ya sangara ya kwenda Ulaya. Wote wanapokezana njia hiyohiyo. (Mwaka uliofuata, Machi 2005, moja ya hizo Ilyushin iliruka na shehena ya samaki ikaishia ziwani, watu wote 8 waliokuwemo wakafa.)

Na baba mkubwa alikuwa mtu wa ule upande wa pili. Fundi wa ndege za kivita, alisomeshwa China, akarudi anajua kulia vijiti na matusi mawili matatu ya Kichina. Vita ya Kagera ilimkuta hapohapo Mwanza na stori yake kubwa ilikuwa ya Machi 1979, dege la Walibya lilivyokuja kumsaidia Amin, likataka kulipua matenki ya mafuta mjini, likakosa, vitu vikadondokea kisiwa cha Saanane vikaua swala. Akifika hapo lazima acheke mwenyewe. "Yaani Gaddafi kaunguza mafuta yote yale kuja kuchinja swala wetu!"

Ndege ilitakiwa itue saa saba. Saa saba ikapita. Mara tukasikia mngurumo, sio ule wa ndege ya abiria, ule unaoanzia kifuani kabla haujafika masikioni, jeti mbili za jeshi hizo zikaruka moja nyuma ya nyingine, zikakata kona juu ya ziwa, zikarudi zikapita chinichini juu ya ranwei bila kutua, zikapanda tena. Mazoezi. Ndege ya Dar tulikuwa tunaiona kwa mbali, kadoti keupe kanazunguka juu ya maji kanasubiri wenyewe wamalize shughuli zao. Shangazi presha yake ilikuwa kivuko cha Kigongo, maana hili daraja la Magufuli la kilomita 3 limefunguliwa juzijuzi tu 2025, enzi hizo ukikosa kivuko unalala upande huu na maiti yako. Kila dakika ananiuliza saa ngapi, na saa anayo mkononi. Baba mdogo akasema, dada tulia, vijana wake wanamuaga. Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wanalia wakaacha kwanza.

Kumbe kweli taarifa zilikuwa zimefika kule kambini. Jeneza lilipotoka kwenye mlango wa mizigo tukakuta wanaume kama sita hivi wa makamo wanatusubiri, wengine na ovaroli zina madoa ya oili, mikono wamenawa lakini kucha nyeusi. Wakalibeba wao. Hatukuwaomba. Wakaliingiza kwenye pikapu taratibu, hakuna aliyetoa amri, mmoja akawa anagongagonga ubao wa pembeni kwa vidole kama anakagua bodi ya ndege.

Halafu dereva anawasha gari, mmoja wao akaenda akalala chali mbele ya tairi. Mzaramo bwana! Mtani wetu sisi Wasukuma. "Huyu ana spana yangu namba kumi na saba tangu vita, haendi popote mpaka nilipwe." Shangazi kampa elfu moja, kaiinua juani kuikagua, akasema hii ya kununulia mbegu za mchicha, hapa kuna spana ya Mchina. Ikabidi aongezwe. Huku muda unaenda, shangazi anamtukana kwa Kisukuma na anacheka machozi yanamtoka.

Tukavuka usiku, foleni ya malori Kigongo acha tu. Kesho yake saa nane tunataka kushusha jeneza, tunamkuta Mzaramo yuleyule kajilaza ndani ya kaburi, nauli kajilipia mwenyewe, anadai riba ya spana. Safari hii shangazi alimpa jogoo.