Nilivyoirudisha sauti ya tatu ndani ya Spacio yangu

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza, na kazi yangu kubwa ya kusikiliza naifanya nikiwa barabarani. Mazoezi tunayarekodi kwa simu. Nikitoka Igoma kwenda mjini, au nikivuka kwenda Sengerema kwenye shughuli zangu, narudia wimbo huohuo tena na tena nikimtafuta aliyeshuka, aliyewahi, au pale sauti ya pili ilipomezwa na ya kwanza. Nyumbani siwezi kusikiliza hivyo, watoto na wageni hawaniachii nafasi. Kwa hiyo sauti ya redio ya gari kwangu ni kitendea kazi.

Kilichonisumbua ni kwamba sauti ya tatu, wale wanaume wa sauti za juu, ilikuwa inapotea. Nikivaa hedifoni nawasikia wanaume wangu wote, wapo na wanaimba vizuri. Rekodi hiyohiyo nikiipiga garini, inabaki sauti ya kwanza, ya pili kiasi, na mngurumo wa sauti ya nne. Hali ilikuwa mbaya zaidi wimbo ukiwa katika F na sauti ya tatu wakishikilia do ya juu. Nilikuwa naongeza sauti, kisha napunguza kwa sababu besi ya mlangoni ilianza kutetemesha bati, na bado siwasikii.

Gari lenyewe ni Toyota Spacio. Redio iliyokuja nayo ilikuwa na maandishi ya Kijapani, na FM yake iliishia 90, kwa sababu Japani masafa yao yanaanza 76. Stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo, ndiyo maana watu huwekewa ekspanda, kile kifaa kinachoshusha masafa ili redio iyapate. Mimi niliitoa nikaweka redio nyingine yenye tundu la AUX, la kuchomekea waya wa sauti kutoka nje. Spika za milango ya mbele ni zilezile za inchi sita na nusu.

Fundi umeme wangu, ambaye namheshimu sana, alinipa ushauri ambao mafundi wengi hutoa: "Mwalimu, weka sabufa na amplifaya, utayasahau hayo yote." Kwa anayependa mdundo ushauri huo ni mzuri. Ila sabufa kwa kawaida hufanya kazi chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 au 100, na sauti ya tatu huimba takriban kati ya hezi 130 na 500. Ningeongeza ngurumo chini yao, wao wangebaki walipo. Nilimweleza hivyo akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tuanze na balansi," yaani kitufe cha kugawa sauti kati ya kulia na kushoto.

Hilo lilikuwa wazo la thamani kuliko kifaa chochote, na halina gharama. Tulipiga rekodi ya kwaya, gari limezimwa, mimi nimekaa kiti cha dereva. Fundi akazungusha balansi yote kulia, ikawa spika ya kulia peke yake inaimba. Sauti ya tatu ikarudi! Akaizungusha yote kushoto, bado wapo. Akarudisha katikati, spika zote mbili zikiimba, wakapotea. Spika zilikuwa nzima, redio ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa pale mawimbi ya spika mbili yanapokutana sikioni kwangu.

Tukachukua futi kamba. Kutoka spika ya kulia hadi katikati ya kichwa changu ni sentimita 92, na kutoka ya kushoto ni sentimita 142. Tofauti ni nusu mita. Kwenye joto la mchana wa Mwanza, nyuzi 28 hivi, sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Wimbi la hezi 348 basi lina urefu wa mita moja, na nusu yake ni hiyo nusu mita. Maana yake, wimbi la kulia linapofika kichwani kwangu likiwa juu, la kushoto linafika likiwa chini, na yote mawili yanafutana. Sasa angalia kinanda: ile F iliyo juu ya C ya katikati ni hezi 349. Ndiyo do ya juu ya wanaume wangu wa sauti ya tatu! Rekodi ya simu nayo huwa karibu sawa kushoto na kulia, kwa hiyo ufutano unakuwa mkali. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu niliwahi kuwagombeza wanakwaya kwa wimbo ambao hawakuwa na kosa.

Jambo la pili la kuelewa, na hapa ndipo wengi hupoteza hela: ekwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha masafa unayoyachagua, haiwezi kuziba pengo la namna hiyo. Ukipandisha hezi 350, unazipandisha kulia na kushoto kwa pamoja, na zinaendelea kufutana zikiwa na nguvu zaidi. Unachosha spika bure. Dawa ni muda. Spika iliyo karibu icheleweshwe kidogo ili mawimbi yafike pamoja.

Redio yangu haina uwezo huo, na kuibadilisha kwa redio ya gharama sikutaka. Nikanunua prosesa ndogo ya sauti ya kubebeka, inayoenea kiganjani. Ina betri yake ya kuchaji, tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye simu, na tundu la kutolea kwenda AUX ya redio. Ndani yake kuna mambo matatu niliyoyahitaji: ekwalaiza ya bendi ninazoweza kuziweka kwenye hezi ninayotaka, uwezo wa kuchelewesha upande mmoja kwa sehemu ya milisekunde (sekunde moja ina milisekunde elfu moja), na kumbukumbu za kuhifadhi mipangilio. Hakuna waya wa gari uliokatwa. Nikipaki naichomoa naitia mkobani, na hilo kwa mazingira yetu si jambo dogo, maana kifaa kinachobaki kwenye dashibodi kinaita wezi.

Hesabu ya ucheleweshaji ni nyepesi. Katika milisekunde moja sauti huenda karibu sentimita 35. Tofauti yangu ni sentimita 50, kwa hiyo upande wa kulia niliuchelewesha milisekunde 1.4. Nilipobonyeza tu, kwaya ilihama kutoka mlangoni ikakaa juu ya dashibodi, katikati, na sauti ya tatu wakawa wamesimama mahali pao. Kiongozi wao alipanda gari wiki hiyohiyo, nikampisha kiti cha dereva asikilize. Alisikiliza ubeti mzima kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hapo mwishoni tunashuka." Kweli walikuwa wanashuka. Jumamosi tulianza mazoezi na mstari huo.

Baada ya kurekebisha muda ndipo nikaingia kwenye ekwalaiza. Kwanza nilizima kila kitu cha kupamba sauti kwenye redio na kwenye simu: laudnesi, besi busti, "roki", "popu", vyote. Huwezi kupima sauti ambayo vifaa vitatu vinaivuta kila kimoja upande wake. Kisha nikapiga pinki noizi, ule mvumo wenye nguvu sawa katika kila oktava, nikashika simu nyingine yenye programu ya kupima masafa pale kichwa changu kinapokaa. Niliizungusha taratibu kuzunguka eneo la masikio nikachukua wastani, kwa sababu ukiishikilia sehemu moja, sentimita chache tu zinabadilisha grafu yote. Maikrofoni ya simu si ya kuaminika sana kwenye besi, kwa hiyo chini ya hezi 100 nilitegemea masikio.

Grafu ilionyesha kilima kati ya hezi 150 na 200. Hiyo ni milango: bati lake linaimba pamoja na spika. Nikakata desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 160. Kilima kingine kilikuwa karibu na hezi 3,000, kile kinachofanya sauti ya kwanza ichome masikio wakipanda. Nikakata desibeli 3. Juu ya hezi 8,000 spika hizi zinafifia, tena zimeelekea magotini, nikaongeza desibeli 2 tu ili herufi za "s" na "ch" zisikike. Chini ya hezi 70 nikakata kabisa. Sauti ya nne, wakishuka hadi F yao ya chini, wako hezi 87, hivyo sikuwanyang'anya kitu, na spika zilipumzika kutoka kwenye mitikisiko mizito isiyokuwa na faida.

Utaona nimekata zaidi ya kuongeza, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo inavyopaswa. Kila desibeli 3 unazoongeza zinataka nguvu mara mbili, na desibeli 10 zinataka mara kumi. Redio za gari huandikwa wati 50 mara nne, lakini hiyo ni ya kilele. Kwa volti 14 za gari na spika ya omu 4, nguvu safi ya kudumu ni karibu wati 20. Ukipandisha besi kwa desibeli 10, umeimaliza akiba yote, na mawimbi yanaanza kukatwa vichwa. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza unayoisikia kwenye daladala nyingi, na ndiyo inayounguza spika.

Niliwasha injini nikakutana na mluzi. Ulipanda nikikanyaga mafuta, ukashuka nikiachia. Wanaotumia AUX huku wanachaji kwenye tundu la sigareti wanaujua. Prosesa ilikuwa inachajiwa kutoka kwenye gari, na wakati huohuo waya wa AUX umeiunganisha na redio, kwa hiyo kukawa na njia mbili za athi, yaani za umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Kati ya njia hizo kuna tofauti ndogo ya volti iliyobeba mikwaruzo ya oltaneta (mtambo unaochaji betri ya gari), nayo inaingia moja kwa moja kwenye muziki. Nilichomoa chaja, mluzi ukakatika papo hapo. Kuna vifaa vya kutenganisha athi, vyenye transfoma ndogo ndani, vinavyowekwa kwenye waya wa AUX. Vinafanya kazi, ila vile vya bei rahisi hupunguza besi. Mimi naiacha prosesa itumie betri yake, nyumbani naichaji usiku pamoja na simu.

Milango tuliifungua mwishoni, na nawashauri msiipuuze. Nyuma ya spika mlango una matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Sauti ya mgongo wa spika hupenya humo, inakutana na ya mbele na kuifuta besi. Tuliziba matundu hayo kwa vipande vya bati jembamba, tukabandika shiti za raba ya butili juu yake na kwenye bati la nje. Fundi alitaka kutumia ile tepu ya lami ya kuzibia mapaa, tukaiacha, kwa sababu gari likishinda juani lami hulainika na kunuka. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango hayazibwi kamwe, ndipo maji ya mvua yanapotokea. Baada ya hapo nilipima tena, kile kilima cha hezi 160 kikawa kimeshuka chenyewe, nikarudisha mkato kutoka desibeli 5 hadi 2.

Zamani mahali pangu pazuri pa kusikiliza palikuwa foleni ya kivuko cha Kigongo, injini imezimwa, ziwa mbele. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji navuka kwa dakika chache, na usikilizaji wangu sasa ni wa gari linalotembea. Hapo kuna adui mwingine, mvumo wa matairi, ambao ni wa masafa ya chini na hufunika sauti ya nne. Kwa hiyo kumbukumbu ya kwanza ya prosesa ni ya gari limesimama. Ya pili ni ileile ila chini ya hezi 150 nimeongeza desibeli 3. Kwenye lami inatosha. Kwenye vumbi la barabara za ndani huko Sengerema hakuna mpangilio unaosaidia, nafunga madirisha na kuacha uchambuzi hadi nifike.

Kumbukumbu ya tatu ni ya abiria. Ucheleweshaji unaoniweka mimi katikati unamharibia aliyekaa kushoto kwangu: kwake spika ya kushoto ndiyo iliyo karibu, nami nimezidi kuichelewesha ya kulia. Mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia waziwazi kwamba upande wake kwaya nzima imejikunja mlangoni. Nikiwa na mtu, naondoa ucheleweshaji, nabakiza ekwalaiza peke yake, na spika za nyuma nazipa nguvu kidogo kwa feda, kitufe cha kugawa sauti kati ya mbele na nyuma. Nikiwa peke yangu za nyuma nazizima.

Redio ya FM haipiti kwenye prosesa, kwa sababu inatoka ndani ya redio yenyewe. Taarifa ya habari naisikiliza kama zamani, na mtangazaji bado anazungumza kutoka mlango wa kulia.