Hadithi iliyoishia darajani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekosa usingizi kwa sababu ya bahasha yenye shilingi elfu mbili.

Mnajua mimi ndiye mhazini wa jumuiya yetu. Kila Julai kuna mzee wetu mmoja huleta bahasha ya sadaka iliyoandikwa neno moja tu: Kyaka. Miaka yote nimeiingiza daftarini kwenye "mengineyo" nikaendelea na hesabu. Mwaka huu mwandiko ulikuwa umepinda, herufi zimepandana kama za mtoto wa chekechea. Nikaona aibu kwamba sijawahi kuuliza. Jumamosi nikaenda kwake.

Mnamfahamu. Ni yule ambaye ikifika nafasi ya ushuhuda husimama, hukohoa, kisha huanza: "Tulipofika Kyaka, daraja lilikuwa limeshavunjwa..." Nami, kwa kuwa ndiye mshika saa, humwambia, "Mzee, muda." Hukaa. Hajawahi kununa. Kwa hiyo vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, nimevisikia mara kumi na kitu, na sijawahi kuvuka mto Kagera pale Kyaka.

Jumamosi nilivuka. Kumbe alikuwa mgambo. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, yeye alikuwa anapalilia mahindi. Kijijini kwao wakaondoka vijana saba. Mvua ikawanyeshea, buti hazivuliwi, nyayo zikaambuka ngozi kama muhogo uliochemshwa. Walipovuka Kagera kwa daraja la muda, wakakuta migomba imesimama, nyumba zimechomwa, zizi halina ng'ombe. "Asubuhi hapakuwika hata jogoo," aliniambia. "Hapo ndipo nililia." Baada ya hapo ni kutembea: Mutukula, Masaka, matope ya Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979.

Kati ya saba walirudi wanne. Wawili wamelala Kaboya, kule Muleba, pamoja na mashujaa wenzao zaidi ya 600. Wa tatu hajui alizikwa wapi.

Nikasema, basi bahasha ni shukrani ya kurudi salama. Akatikisa kichwa. "Ile si yangu. Ni ya wale watatu. Hawakuoa, hawakuacha mtoto wa kuwatolea." (Anayetaka kubishana kuhusu sadaka ya marehemu, tutabishana siku nyingine. Mimi siku ile sikuwa na mdomo.)

Mhubiri sura ya 9 anamtaja maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake, na hakuna aliyemkumbuka. Nilikuwa nikisoma habari ile nawalaumu watu wa mji. Sasa najua mmoja wao anashika saa kwenye jumuiya.

Lakini lililonishika hasa ni maji ya Daudi. Mnakumbuka, 2 Samweli 23: ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wanapenya katikati ya Wafilisti kwenda kumtekea. Wanarudi nayo. Daudi anakataa kuyanywa, anayamimina mbele za Bwana. Ni damu ya watu waliohatarisha nafsi zao, anasema. Mfalme mwenye kiu alitazama kwanza ni nani aliyeyateka! Sisi tunakunywa tu. Tunalala milango imefungwa kwa komeo la mbao, watoto wanakwenda shule, tunasali kwa sauti mpaka usiku, wala hatuulizi nani alikwenda kisimani.

Wapendwa, niruhusuni niseme, nikianza na nafsi yangu. Sisi ni hodari wa misiba. Mzee akifa, turubai linafungwa ndani ya saa moja, mchango unatimia, anapatikana hata wa kusoma wasifu kwa sauti ya majonzi. Ndipo tunanong'onezana, "Kumbe alipigana vita!" Kumbe ya nini, na alisimama mbele yako miaka yote? Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunatazama mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, tarumbeta inalia, tunanyamaza kwa adabu. Ni vyema. Ila mnara hauna kiu wala nyayo zinazouma, na mzee anavyo vyote viwili, nyumba ya tatu kutoka kwako. Nenda. Usingoje kamati. Mkalie chini, muulize, halafu umwache amalize, hata akirudia.

Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yao, Waebrania wanatuambia. Hilo ni la Mungu. La kwetu lipo palepale.

Jumatano tunasali kwa mzee, saa kumi na moja jioni. Viti vyake ni vinne, njooni na mikeka. Saa ya kuangalia muda asije nayo mtu. Ushuhuda utakuwa mmoja, na nimemwomba aanzie darajani.