Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli: kagua breki kwanza

Anayetaka kupanda milima ya Usambara kwa baiskeli ya mbio huulizia kwanza pumzi na mapaja. Mimi humwuliza hali ya breki zake. Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, hadi Lushoto ni lami ya kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba, ina kona nyingi, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Njia hiyohiyo ndiyo utakayorudi nayo, safari hii kwa kasi.

Kupanda kunataka gia nyepesi. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara moja, yaani mita 2.1 hivi, na unaweza kupanda umekaa. Kwa 39 mbele na 25 nyuma utalazimika kusimama kwenye pedali kila kona, na magoti yatauma kabla ya kufika Soni, mji mdogo ulio njiani. Kipande cha kuanzia Mombo hadi Soni ndicho kigumu, kwa hiyo kianze alfajiri kabla joto la bondeni halijapanda, ukiwa na lita moja na nusu ya maji. Maporomoko ya Soni unayaona kutoka barabarani. Pumzika hapo bila haraka. Kutoka Soni hadi Lushoto mlima unalegea.

Sasa mteremko. Kosa linaloharibu mambo ni kushikilia breki kidogokidogo njia nzima. Kwa breki zinazobana ringi, ringi inapata moto, hewa ndani ya tyubu inatanuka, gundi ya kiraka inalainika, na tyubu inapasuka ukiwa katikati ya kona. Funga breki kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma kwa pamoja, kisha achia ringi ipoe. Shika usukani sehemu ya chini, maana vidole hubana vizuri zaidi kutoka huko. Ndani ya kona, pedali ya upande wa nje iwe chini na macho yatazame kona inapoishia. Baki kushoto kabisa: basi au lori linalopanda huhitaji upana wote wa barabara kwenye kona kali. Raba za breki zikibaki milimita chache, badilisha kabla ya safari.

Gari linalokusindikiza lina ugonjwa uleule wa breki kupata moto. Dereva ateremke kwa gia ya pili, injini izuie mwendo. Akisikia harufu ya kuungua, asimame breki zipoe, wala asizimwagie maji.

Wakati wa masika tope na mawe huangukia lami, na majani yaliyolowa kivulini huteleza hata jua likiwaka. Nisingeshuka mvua inaponyesha.

Vipuri beba mwenyewe. Fundi wa njiani ana ujuzi, ila tairi alizonazo ni za baiskeli kubwa za inchi 28, ambazo ringi yake ina kipenyo cha milimita 635. Yako ni 622, hazitakaa. Chukua tyubu mbili, viraka, pampu, na kile kidude cha shaba kinachowezesha vali nyembamba kujazwa kwa pampu ya gari.