Nipeni namba, nitasubiri

Binamu yangu aliye Toronto, Kanada, ana mtoto mwenye usonji kama wangu, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayoitwa autism kwa Kiingereza. Akinipigia simu, hatuagani bila kuitaja foleni. Jimbo lao la Ontario lina mpango wa serikali wa kugharimia tiba za watoto hawa: mzazi anamsajili mtoto, jina linaingia kwenye orodha, kisha anangoja. Mwaka 2019 serikali ya jimbo yenyewe ilitaja watoto 23,000 waliokuwa wakingoja. Wazazi wakajaa mbele ya bunge la jimbo, habari ikafika magazetini. Miaka michache baadaye orodha ikavuka 60,000. Binamu ana uchungu, na ana haki nao. Mtoto haachi kukua kwa sababu foleni imesimama.

Mimi nikimsikiliza namwonea wivu kwa jambo moja: mwanawe amehesabiwa.

Naishi Bombo, kilomita kama 35 kaskazini mwa Kampala, mji wa kambi ya jeshi na mji wetu sisi Wanubi. Nashona sare za shule. Mwanangu ana miaka saba, amechukua jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani wote tunamwita Babu. Babu hukaa chini ya meza ya cherehani akipanga vifungo. Hapangi kwa rangi. Anapanga kwa matundu: vya matundu mawili upande huu, vya matundu manne upande ule, na ukimchanganyia kimoja atakijua hata kama vyote ni vyeupe. Ukimwita jina hageuki, lakini kopo la sukari likifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Akitaka kitu hanyooshi kidole. Ananishika kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wangu mpaka kwenye kitu chenyewe, kama vile mkono ule ni wake.

Huku kwetu faili la mgonjwa ni daftari la shule unalolinunua mwenyewe dukani. La Babu limechakaa, nimelivisha jalada la karatasi ya kaki. Ukurasa wa kwanza wameandika malaria, hana, na dawa ya minyoo. Kurasa chache mbele: miaka mitatu, hasemi. Halafu rufaa ya kupima masikio, maana mtoto asiyeitika huangaliwa kwanza kama anasikia, na hilo ni sawa kabisa. Kipimo cha masikio nacho kilikuwa na foleni yake. Masikio mazima. Ndipo tukaandikiwa kwenda kliniki ya watoto katika hospitali moja ya serikali mjini Kampala, na kuanzia hapo daftari limejaa maneno yaleyale kwa kalamu tofauti: arudi, arudi, arudi.

Nieleze jinsi inavyokwenda, kwa sababu wengi wanadhani tunangoja kama wale wa Toronto. Kliniki ni siku moja kwa wiki. Asubuhi karani anafungua kitabu chake kikubwa chenye jalada gumu na kuandika majina kwa jinsi watu walivyofika. Mtaalamu ni mmoja. Anaona anaoweza, na mtoto mwenye usonji hapimwi kwa damu wala kwa picha. Lazima umtazame akicheza, umuulize mama maswali mengi, usikimbie. Saa zikiisha, waliobaki wanaambiwa warudi. Wiki nyingine karani anafungua ukurasa mpya na kuanza upya. Aliyerudishwa mara iliyopita hana nafasi yake. Anaanza nyuma ya yule aliyelala kwa shangazi yake Wandegeya, humohumo Kampala, na kutembea kwa mguu hadi hospitali alfajiri.

Sisi wa Bombo tunapanda taksi gizani. Babu haziwezi kelele za wapiga debe, anaziba masikio na kujigonga kichwa kwenye dirisha. Tukifika keshachoka. Kumkalisha kwenye benchi lililojaa watoto wanaolia mpaka saa saba mchana ni kumtesa, na mara nyingi mama ndiye anayeshindwa kwanza, anaondoka kabla jina lake halijaitwa. Utaratibu ule unawatoa nje watoto haohao ambao kliniki imewekwa kwa ajili yao. Hilo linaniuma kuliko urefu wa safari.

Simlaumu musawo, kama tunavyomwita mganga wa hospitali. Nimemwona akila chapati kavu amesimama, mkono mwingine ukiandika. Serikali iliondoa malipo kwenye vituo vyake vya afya mwaka 2001 na hilo limeokoa watu wengi, lakini wataalamu wa jambo hili ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya tiba ya matamshi mwaka 2008, jana tu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na kila siku naomba wawe wengi zaidi. Kliniki za binafsi zipo, na zina watu wazuri, ila saa moja ya tiba inameza sare ninazoshona wiki nzima.

Nilimuuliza karani, kwa heshima, ni watoto wangapi wanaosubiri. Akaniangalia kwa huruma kweli. Angejuaje? Kitabu chake kinaonyesha waliofika siku ile, basi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya 2024 ilipata watu milioni 45.9. Gawanya mwenyewe: unapata zaidi ya watu 360,000, wakubwa kwa wadogo, kama Uganda inafanana na dunia. Sasa afisa wa bajeti akikaa mezani kuomba nafasi ya mtaalamu wa pili katika kliniki ile, ataweka nini mbele ya wakubwa? Kitabu kinasema wagonjwa kadhaa walifika na kadhaa wakaonwa. Kungoja kwetu hakumo humo.

Uingereza miongozo ya tiba inataka uchunguzi wa usonji uanze ndani ya miezi 3 tangu rufaa. Huko nako familia nyingi zinangoja zaidi ya hapo, tena sana. Lakini muda umeandikwa, kwa hiyo mama anaweza kusimama na kusema mmenichelewesha, na kuna kipimo cha kuchelewa. Mimi nikisema nimecheleweshwa, nimecheleweshwa kutoka lini?

Na kusubiri kusiko na tarehe hakukai kutupu, watu wanakujaza. Mama mkwe wangu alimpeleka Babu kwa shehe kusomewa, na sikumkatalia, kisomo hakijamdhuru mtu. Baadaye akaja bwana mmoja anayetembeza dawa ya chupa, eti inatoa usonji kwa miezi miwili. Hakuna dawa inayotoa usonji. Niliijua hiyo kwa sababu niliuliza, lakini mwenzangu wa benchini aliuza mbuzi. Jirani mwingine aliacha kumpeleka mdogo mtu kwenye chanjo, kasikia kwamba chanjo ndiyo ilimharibu mkubwa. Uvumi huo una asili: karatasi ya daktari mmoja wa Uingereza iliyochapishwa mwaka 1998, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Uvumi wenyewe umebaki. Tungekuwa na tarehe ya kuonwa, na mtu mmoja wa kutujibu simu, nusu ya haya yasingeingia nyumbani kwetu. Hata lile la lugha: nimeambiwa na watu wazima, wenye elimu, kwamba Babu hasemi kwa sababu anasikia Kinubi, Kiswahili na Kiganda kwa pamoja. Lugha nyingi hazimpi mtoto usonji. Dada zake wamesikia zote tatu na hawanyamazi.

Ninachoomba si hospitali mpya. Kwanza, kitabu kile kisianze upya kila wiki. Jina likishaandikwa lipewe namba na tarehe ya rufaa, namba ibaki mpaka mtoto aonwe, na simu ipigwe siku moja kabla ili mama asilale njiani bure. Pili, maswali ya mwanzo yaulizwe karibu na nyumbani. Kuna dodoso la maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30: je, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anageuka akiitwa? Mhudumu wa afya wa kijiji akifundishwa anaweza kuyauliza siku ya chanjo, chini ya mwembe, na ikionekana kuna shaka, namba itolewe hapohapo. Babu angeulizwa hayo akiwa na mwaka na nusu.

Tatu, tusingoje mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua au wenye usonji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe mtaalamu bingwa. Kituo cha afya chochote chenye benchi kinaweza kukaribisha kikundi kama hicho. Mambo yenyewe ni ya nyumbani kabisa. Mtaalamu mmoja alinionyesha moja siku tuliyobahatika kuonwa: Babu akinishika kifundo, nisifungue kopo mara moja, nisubiri kidogo, nitaje sukari, nimsogezee kidole chake kwenye kopo, ndipo nifungue. Sasa kidole kinakwenda chenyewe. Mara nyingine kinatoka na sauti ya "su".

Sisi akina mama wa benchini tumeanzisha orodha yetu. Jina la mtoto, umri, wilaya, tarehe ya rufaa, tarehe za kurudishwa. Anayeitunza ni mama wa Wobulenzi ambaye mwandiko wake unasomeka. Tutaipeleka kwa mkuu wa kliniki pamoja na barua, na nakala kwa mbunge mwakilishi wa watu wenye ulemavu.

Kama nawe uko kwenye foleni hii, ya hospitali yoyote, fanya jambo moja kuanzia wiki hii: ukiambiwa urudi, mwombe musawo aandike kwenye daftari la mtoto kwamba mlifika na hamkuonwa, atie tarehe na sahihi. Hakuna aliyenikatalia. Kisha piga picha ukurasa huo na uutunze, maana tutauhitaji.